Mwanafunzi wa Chuo Kikuu ni Mshirika, Si Mgeni wa Mradi

Kila mwaka, vyuo vikuu vinapokaribia likizo ndefu, ofisi za dayosisi na sharika hupokea barua za vijana wanaoomba nafasi ya mafunzo kwa vitendo. Wengine wanasomea uhandisi, wengine kompyuta, maendeleo ya jamii au uuguzi. Barua hizi hupokelewa kwa moyo mwema, kwa kuwa vijana hawa ni watoto wetu. Lakini swali hubaki: wakifika, wafanye nini?

Mara nyingi kijana hupewa kazi ya kuchapa barua na kutoa nakala. Au huja na mchoro ambao tayari mwalimu wake ameupitisha chuoni, akauonyesha kwa kamati, akapigwa picha, akaandika ripoti na kuondoka. Wiki 8 zimekwisha, chuo kimetoa alama, na usharika umebaki na tatizo lake kama lilivyokuwa.

Makala hii inaeleza njia nyingine, ambayo vyuo kadhaa, kikiwemo chuo cha Kanisa letu, vimekwisha kuipitia: kumshirikisha mwanafunzi kama mshirika kamili katika kujifunza na kufundisha usanifu. Tunaandika kwa ajili ya kamati za sharika, ambazo ndizo zinazowapokea vijana, na kwa wafadhili wetu, ambao fedha zao zinaweza kusaidia au kukwamisha kazi ya namna hii.

USANIFU NI NINI?

Wengi wetu tukisikia neno usanifu tunafikiria ramani ya kanisa au ya nyumba ya mchungaji. Hiyo ni sehemu tu. Kusanifu ni kufikiri kwa utaratibu kabla ya kutengeneza: kitu hiki ni cha nani, atakitumia mahali gani, kitagharimu kiasi gani, na kikiharibika nani atakitengeneza. Jiko banifu, mlango wa choo cha shule unaopitisha kiti cha magurudumu, fomu ya kliniki ya mama na mtoto, programu ya kompyuta ya kutunza hesabu za sadaka, vyote vimesanifiwa na mtu fulani, vizuri au vibaya.

Ujuzi huu haupatikani kwa kusikiliza mihadhara peke yake, kama ambavyo mtu hajifunzi kuogelea akiwa darasani. Mwanafunzi hujifunza kwa kukutana na tatizo la kweli, kujaribu, kushindwa, kurekebisha na kujaribu tena. Kwa hiyo elimu nzuri ya usanifu inahitaji mahali penye matatizo ya kweli na watu walio tayari kusema ukweli. Mahali hapo ni zahanati zetu, shule zetu, mashamba yetu na visima vyetu.

Wahenga walisema kitanda usichokilalia hujui kunguni wake. Methali hiyo ndiyo msingi wa usanifu shirikishi. Mwanzoni mwa miaka ya 1970 nchini Norwei, mtaalamu wa kompyuta Kristen Nygaard alifanya kazi pamoja na chama cha wafanyakazi wa viwanda vya chuma, ili wafanyakazi wawe na sauti katika namna mashine mpya zitakavyoingizwa kazini kwao. Kati ya mwaka 1981 na 1985, watafiti wa Sweden na Denmark waliendeleza kazi hiyo pamoja na wachapaji wa magazeti katika mradi ulioitwa UTOPIA. Vifaa walivyovitaka vilikuwa havijatengenezwa bado. Basi wakaunda mifano kwa maboksi na mbao, wakaipanga mezani na kujaribu kufanya kazi kana kwamba ni kompyuta za kweli. Mfano wa boksi ukionekana haufai, hasara yake ni ndogo. Mashine ya mamilioni ikionekana haifai, hasara huwa kubwa na aibu huwa kubwa zaidi.

NENO "MSHIRIKA" LINA MAANA GANI?

Katika ripoti zetu neno "ushirikishwaji" limetumika sana hata limeanza kupoteza uzito. Watu wakiitwa kwenye mkutano na kusaini karatasi ya mahudhurio, tunaandika kwamba wameshirikishwa. Ushirika wa kweli unadai zaidi ya hapo.

Mwaka 2014 wataalamu watatu wa elimu ya juu, Alison Cook-Sather, Catherine Bovill na Peter Felten, walichapisha kitabu kuhusu wanafunzi kuwa washirika katika kujifunza na kufundisha. Walitaja nguzo tatu. Ya kwanza ni heshima: kila upande uamini kwamba mwenzake ana jambo la kufundisha. Ya pili ni kupeana: kila mmoja atoe na kila mmoja apokee, ingawa si lazima watoe kitu cha namna moja. Ya tatu ni kuwajibika pamoja: kazi ikifanikiwa ni yetu sote, na ikikwama ni yetu sote.

Katika elimu ya usanifu nguzo hizi zinagusa pande mbili. Upande mmoja ni mwanafunzi na mwalimu wake. Mwanafunzi anaposhiriki kuchagua tatizo la kushughulikia na kupanga namna ya kazi yake kupimwa, anakuwa mjenzi wa somo, wala si chombo cha kujazwa. Upande wa pili ni mwanafunzi na jamii. Hapa usharika hauwi "eneo la utafiti", bali mwalimu mwenza, na mwanafunzi hawi mtaalamu aliyeshuka kutoka chuoni. Ni kijana mwenye ujuzi fulani, aliyekuja kuuchanganya na ujuzi wa wenyeji.

MFANO WA IRINGA

Mfano wa karibu zaidi na sisi unatoka katika chuo cha KKKT. Mwaka 2007 Chuo Kikuu Kishiriki cha Iringa, kilichokuwa sehemu ya Chuo Kikuu cha Tumaini na ambacho sasa ni Chuo Kikuu cha Iringa, kilianzisha shahada ya teknolojia ya habari kwa kushirikiana na Chuo Kikuu cha Joensuu cha Finland. Ingekuwa rahisi kuchukua mtaala uliokwisha kutumika ng'ambo na kuufundisha kama ulivyo. Waanzilishi waliona haifai. Mitaala hiyo iliandikwa kwa ajili ya nchi ambako umeme haukatiki ovyo, vifaa vipo na mtandao ni wa uhakika. Mwaka 2009 Matti Tedre, Nicholas Bangu na Seth Nyagava walieleza katika makala yao jinsi shahada hiyo ilivyojengwa juu ya mazingira ya Tanzania, kazi za vitendo, miradi na utafiti.

Kabla ya shahada hiyo kuanza, Mikko Vesisenaho wa Joensuu na wenzake walikuwa wamechunguza kwa miaka kadhaa namna wanafunzi wa Iringa wanavyojifunza kompyuta. Wakaeleza ngazi nne ambazo teknolojia hupitia inapoingia mahali:

1. Kuagiza: kifaa kinaletwa kutoka nje kama kilivyo, mara nyingi pamoja na mtaalamu wake.

2. Kuhamisha: wenyeji wanafundishwa namna ya kukitumia.

3. Kutumia: wenyeji wanakitumia kwa mahitaji yao wenyewe na kukirekebisha.

4. Kukipa mizizi: kazi inaanzia kwenye mahitaji na utamaduni wa mahali, na wenyeji ndio wanaosanifu.

Tukiwa wakweli, miradi mingi ya maendeleo huishia ngazi ya pili. Kifaa kinakabidhiwa, semina ya siku tatu inafanyika, vyeti vinatolewa. Ngazi ya nne haifikiwi kwa semina. Inafikiwa na vijana waliolelewa katika mazingira haya, ambao wakati wa masomo yao walipewa nafasi ya kusanifu kwa ajili ya watu wao.

MFANO WA BLANTYRE NA DAR ES SALAAM

Mfano wa pili unahusu uhai wa watoto wachanga. Mtoto anayezaliwa kabla ya wakati mara nyingi hushindwa kupumua vizuri, kwa sababu mapafu yake hayajakomaa. Kuna mashine inayosukuma hewa kwa shinikizo dogo kupitia puani, ili mapafu yasisinyae kila anapotoa pumzi. Mashine hizo ni za kawaida katika hospitali za nchi tajiri, lakini bei yake ni ya maelfu ya dola.

Mwaka 2010 kundi la wanafunzi wa uhandisi wa Chuo Kikuu cha Rice, huko Houston, Marekani, walipewa tatizo hili kama kazi ya mwaka wa mwisho. Mfano wao wa kwanza ulitumia pampu za kuingizia hewa kwenye tangi la samaki. Kama kazi ingeishia hapo, ungekuwa mradi mwingine wa darasa wa kukaa kabatini. Haikuishia hapo, kwa sababu kifaa kilipelekwa Hospitali ya Malkia Elizabeth mjini Blantyre, Malawi, na waganga na wauguzi wa pale wakakitumia na kuonyesha kinachohitajika. Kifaa kiliitwa Pumani, neno la Kichewa linalohusu kupumua kwa utulivu. Msomaji wa Kiswahili hahitaji mkalimani kusikia undugu wa neno hilo na "pumua" na "pumzika".

Matokeo ya majaribio ya Blantyre yalichapishwa mwaka 2014. Kati ya watoto wachanga 62 wenye shida kubwa ya kupumua waliotumia kifaa hicho, 44 walipona, yaani asilimia 71. Kati ya 25 waliopewa oksijeni peke yake, walipona 11, yaani asilimia 44. Idadi hii ni ndogo, na watoto hawakugawanywa kwa bahati nasibu, hivyo tusiitumie kuahidi makubwa. Hata hivyo nyuma ya kila tarakimu kuna mama aliyerudi nyumbani na mtoto, au aliyerudi mikono mitupu.

Hatua iliyofuata ndiyo inayogusa mada yetu zaidi. Ilionekana kwamba haitoshi wanafunzi wa Houston kusanifu kwa ajili ya Afrika. Vyuo vya ufundi vya hapa navyo vikaingia. Wanafunzi wa chuo cha ufundi cha Blantyre na wa Taasisi ya Teknolojia Dar es Salaam, DIT, wamefanya kazi katika makundi ya mchanganyiko na wenzao wa Rice, wakitembelea wodi, wakiwasikiliza wauguzi na kutengeneza mifano ya vifaa katika karakana za usanifu. DIT na Taasisi ya Afya Ifakara ni miongoni mwa washirika wa mpango wa NEST360, ulioanzishwa mwaka 2019 ili kuboresha huduma za watoto wachanga katika hospitali za Malawi, Kenya, Tanzania na Nigeria. Mwanafunzi wa Dar es Salaam anajua jambo ambalo mwenzake wa Houston hawezi kulijua kwa kusoma: jinsi umeme unavyokatika usiku, jinsi muuguzi mmoja anavyohudumia watoto wengi, na vipuri gani vinapatikana madukani.

MFANO WA ARUSHA

Mfano wa tatu unaonyesha kwamba ushirika haumalizikii kwa wanafunzi. Katika chuo cha MIT cha Marekani, mwalimu Amy Smith alianzisha mwaka 2002 somo ambalo baadaye lilikuja kuitwa D-Lab, ambamo wanafunzi husanifu vifaa rahisi pamoja na jamii za nchi maskini. Mmoja wa wanafunzi hao, Jodie Wu, alishughulikia mashine ya kupukuchua mahindi inayoendeshwa kwa baiskeli, na mwaka 2009 alianzisha kampuni mjini Arusha kwa ajili ya vifaa vya aina hiyo.

Katika kazi hizo amejulikana pia Bernard Kiwia, fundi baiskeli wa Arusha, aliyebuni chaja ya simu inayotumia mzunguko wa gurudumu la baiskeli. Yeye hakubaki kuwa fundi wa kutekeleza mawazo ya wageni. Amekuwa mbunifu na mwalimu wa wabunifu wengine, na ni miongoni mwa walioanzisha kituo cha ubunifu cha Twende mjini humo. Mwaka 2014 mkutano wa kimataifa wa usanifu kwa maendeleo, ulioandaliwa na mtandao uliotokana na D-Lab, ulifanyika Tanzania, na wageni na wanavijiji walikaa meza moja wakitengeneza vifaa. Somo kwetu ni kwamba katika kila usharika yuko fundi wa namna hiyo. Mwanafunzi akiletwa kwetu, mtu wa kwanza wa kumtambulisha kwake baada ya mchungaji ni fundi huyo.

KAZI INAKWENDAJE?

Tuchukue mfano wa kufikirika. Tuseme usharika una kitongoji mlimani ambacho gari halifiki, na wajawazito hubebwa kwa machela hadi barabarani. Wanafunzi wanne wanapokelewa.

Wiki ya kwanza hawachori kitu. Wanatembea njia ile, wanapima upana wake, wanasaidia kubeba, wanauliza akina mama walijisikiaje wakiwa wamelala juu ya machela. Huenda wakagundua kwamba siku ya gulio wanaume hawapo, na wanaobaki kubeba ni wanawake na vijana wadogo. Taarifa hiyo moja inabadilisha mchoro wote, maana machela ya kubebwa na wanaume wanne haiwafai.

Wiki ya pili wanaandika tatizo kwa sentensi moja, na wanaisoma mbele ya watumiaji ili waikubali au waikatae. Wiki ya tatu na ya nne wanatengeneza mifano kwa miti, kamba na magunia. Wanaijaribu kwa gunia la mahindi la kilo 60 kabla ya kumpandisha binadamu. Wiki zinazofuata fundi wa kijiji anaingia kazini akiwa mwenzao, akitumia vyuma na mbao zinazopatikana katika soko la karibu. Kila mfano unarudishwa kwa watumiaji, na kila wanachosema kinaandikwa. Wiki ya mwisho hufanyika makabidhiano: mchoro, orodha ya vifaa na gharama, jina la fundi anayejua kuitengeneza, na mtu wa kamati atakayepokea malalamiko.

MAMBO YA KUANGALIA

Kazi hii ina hatari zake, na ni afadhali zitajwe mapema.

Kwanza, kalenda. Tatizo la usharika halifuati muhula wa chuo. Iwapo chuo hakijakubali kwamba kundi la mwaka unaofuata litaendelea pale lilipoishia la mwaka huu, kazi itaanza upya kila mwaka na wananchi watachoka kuhojiwa.

Pili, usalama. Kifaa cha kuhudumia mgonjwa hakijaribiwi kwa mgonjwa bila idhini ya mganga na taratibu za serikali. Katika hili hakuna njia ya mkato, hata kama nia ni njema.

Tatu, umiliki. Wazo la mkulima likigeuka kuwa bidhaa ya kuuzwa, nani atafaidika? Jambo hili liandikwe katika makubaliano siku ya kwanza, kwa Kiswahili chepesi.

Nne, alama. Mwanafunzi akijua kwamba atapata alama kwa kifaa kinachong'aa tu, ataficha kasoro. Chuo kikubali kumpa alama nzuri mwanafunzi aliyegundua kwamba wazo lake halifai na akaeleza kwa nini.

Tano, heshima ya kweli. Mara nyingi mjumbe wa kamati hatasema kwamba kitu hakifai, kwa sababu hataki kumvunja moyo mgeni. Ni vema maoni yakusanywe pia kwa faragha, na akina mama wasikilizwe peke yao.

WAJIBU WA KAMATI ZA SHARIKA

Kamati inayotaka kupokea wanafunzi haihitaji fedha nyingi. Inahitaji kuchagua tatizo moja linaloeleweka, kwa mfano "maji humwagika njiani", badala ya "umaskini". Inahitaji kuteua wenyeji wawili, mmoja mwanamke na mmoja mwanaume, watakaofanya kazi na vijana hao kila siku. Inahitaji kuwatafutia malazi salama, hasa mabinti. Na inahitaji ujasiri wa kukataa mchoro ambao haujauliza mtu yeyote.

WAJIBU WA WAFADHILI

Ndugu zetu wafadhili, kazi ya usanifu shirikishi ni ngumu kuiingiza katika fomu ya maombi ya fedha. Fomu huuliza: ni vifaa vingapi vitatengenezwa? Jibu la kweli la mwezi wa kwanza ni kwamba hatujui bado kama kifaa ndicho kinachohitajika. Tunaomba mambo matatu. Mruhusu fungu dogo la majaribio, la kununulia miti, vyuma, nauli na chakula cha mchana, kabla ya fungu kubwa la utekelezaji. Mkubali ripoti inayosema kwamba wazo la kwanza liliachwa, maana fedha hizo zimezuia hasara kubwa zaidi. Na muda wa mradi uwe walau miaka miwili, ili makundi mawili ya wanafunzi yapokezane kazi.

HITIMISHO

Katika Kitabu cha Kutoka, sura ya 35 na 36, tunasoma habari za Bezaleli na Oholiabu, mafundi waliojazwa ujuzi wa kubuni na kutengeneza vitu vya hema ya kukutania. Jambo ambalo ni rahisi kulipita tunaposoma ni kwamba walipewa pia moyo wa kuwafundisha wengine, na kila mwenye ujuzi aliitwa kwenye kazi. Watu wakaleta vifaa kwa hiari hadi Musa akalazimika kuwazuia, kwa kuwa vilitosha. Wabunifu, wanafunzi wa kazi na watoaji walikuwa katika ujenzi mmoja, na hakuna aliyekuwa mtazamaji.

Tunashauri kila kamati, katika kikao chake kijacho, ijadili maswali matatu na kuandika majibu katika muhtasari. Ni tatizo gani moja ambalo tungependa kulifanyia kazi pamoja na wanafunzi? Nani kati yetu anaujua ufundi unaohusika? Na wanafunzi wakiondoka, nani atabaki na kazi hiyo mkononi? Usharika wenye majibu ya maswali hayo uko tayari kupokea washirika.